Binti Katika Kundi la Wabunifu: Vipi Ataijua Nafasi Yake?



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mama mmoja pamoja na binti yake anayesomea uuguzi, mwaka wa pili. Binti alitaka tumwombee dua ahamishwe kutoka katika kundi la mradi alilotiwa na mkufunzi wake. Tukauliza kuna nini. Mama akajibu kwa niaba yake: "Sheikh, mwanangu wamemfanya karani wao."

Kundi lenyewe lina wanafunzi watano: wawili wa uhandisi, mmoja wa biashara, mmoja wa uchoraji, na yeye. Wamepewa kazi ya kubuni kiti cha kuwasaidia wazee na wagonjwa kuoga na kutia udhu bila kuteleza. Kila wakikutana, wahandisi hunena kwa hesabu na michoro, wa biashara hunena kwa shilingi, naye binti huachiwa kuandika kumbukumbu na kununua soda. Akitaka kusema, maneno humkauka mdomoni. Mwishowe akaona hana alijualo pale.

Tulimwuliza swali moja: "Bibi yako nyumbani, ni nani amwogeshaye?" Bibi huyo amepooza upande wa kulia kwa kiharusi. Binti akainamisha kichwa, akasema: "Ni mimi, Sheikh." Tukamwambia: "Basi, mwanetu, katika watu watano wa kundi lenu, aijuaye kazi hii kwa mikono yake ni wewe."

Vyuo vingi siku hizi huwachanganya wanafunzi wa fani mbalimbali katika mradi mmoja, na hekima yake ni wazi. Maisha hayakugawanywa kwa madarasa. Kiti cha kutilia udhu kinataka mbao au chuma, kinataka bei ambayo mtu wa kawaida ataimudu, na kinataka mtu anayejua mgonjwa anavyoinuka. Qur'ani yatufundisha, katika Suratu Zukhruf, kwamba Mwenyezi Mungu Mtukufu amewatofautisha waja wake katika riziki na daraja ili wapate kutumikiana. Tofauti zetu, basi, ni sababu ya kuhitajiana, wala si sababu ya mmoja kumdogosha mwenziwe.

Natutoe mfano wa karibuni. Mwaka 2007, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kundi la wanafunzi lilipewa kazi ya kubuni inkubeta ya bei nafuu, yaani mashine ya kuwatia joto watoto waliozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Inkubeta ya hospitali iliweza kufika dola 20,000. Kundini walikuwamo Jane Chen aliyesomea biashara, Rahul Panicker wa uhandisi wa umeme, na Linus Liang wa sayansi ya kompyuta. Ukitazama majina ya fani zao, utadhani mwenye kazi ni mhandisi na wengine ni wasindikizaji.

Haikuwa hivyo. Liang, mtu wa kompyuta, alisafiri hadi Nepal, akaona inkubeta hospitalini zimekaa tupu. Akauliza sababu. Akafahamishwa kuwa watoto wengi wanaozihitaji huzaliwa vijijini, mbali na hospitali, na hawawahi kufikishwa. Swali hilo moja liligeuza mradi mzima. Badala ya kupunguza bei ya mashine ya hospitali, wakabuni mfuko mdogo wa kumlaza mtoto, wenye kitu mfano wa nta ndani yake. Kitu hicho kikishapashwa moto kikayeyuka, hushika joto la nyuzi 37 kwa muda wa saa nne hivi bila kuhitaji umeme wakati huo wote.

Hawakukomea hapo. Walipopeleka mfano wa mfuko huo India, mama mmoja wa kijijini aliwaambia kuwa dawa za kizungu huziona kali mno, hivyo akiambiwa ampe mtoto kijiko kizima humpa nusu. Basi na mfuko huo naye angeupasha joto pungufu ya lile aliloambiwa. Wabunifu wakaiondoa namba ya joto, wakaweka alama tu ya kuonyesha kuwa joto limetosha. Mama huyo hakuwa mwanachuo wa Stanford, lakini bila ya neno lake huenda mtoto angelazwa katika mfuko wa baridi.

Na katika sira ya Mtume wetu (S.A.W.) tuna mfano ulio bora zaidi. Waislamu wa Madina waliposhauriana namna ya kuitana kwa sala, aliyeoteshwa maneno ya adhana alikuwa Abdullah bin Zaid. Mtume (S.A.W.) aliyakubali, kisha akamwamuru ayafundishe kwa Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora zaidi. Mwenye ndoto hakushika mnara kwa kuwa wazo ni lake, wala mwenye sauti hakuona unyonge kufundishwa. Kila mmoja alitoa alichopewa, na adhana yatufikia hadi leo.

Kwa hiyo, kijana anayetafuta nafasi yake kundini ajiulize mambo matatu. Kwanza: ni lipi ninalolijua ambalo hapa hakuna mwingine anayelijua? Pili: ni lipi ambalo kazi hii inalikosa na hakuna aliyelishika? Tatu: ni lipi nisilolijua, ili nimwulize mwenzangu bila ya kuona haya? Majibu ya matatu hayo ndiyo yatakayomwonyesha nafasi yake, hata kama karatasi ya mkufunzi imemwandika karani.

Twajua wazazi wengi wana hofu nyingine, ya binti kuwa kundi moja na wavulana. Hofu hiyo ina haki yake. Wakutane mahali pa wazi, wasikae wawili faraghani, na mavazi na maneno yalinde heshima. Lakini tusichanganye haya na ububu. Haya ni katika imani. Kuficha elimu inayohitajiwa si katika haya. Siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, Masahaba walipochelewa kutekeleza amri ya kuchinja na kunyoa kwa majonzi waliyokuwa nayo, ni Mama Ummu Salama (R.A.) aliyemshauri Mtume (S.A.W.) atoke, asiseme na yeyote, achinje yeye mwenyewe na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Hakupandisha sauti wala hakutoka mbele ya watu, lakini alisema.

Wiki iliyopita mama yule alirudi kutupa habari. Binti aliomba ruhusa ya wazazi wake, na siku ya Jumamosi kundi zima likaja nyumbani. Wageni walikaa barazani pamoja na baba, kisha kiti cha mbao cha kujaribia kikapelekwa uani. Bibi, amejitanda leso zake, akakalishwa na mjukuu wake. Akanyoosha mkono wake mzima kutafuta bomba, hakulipata. Lilikuwa upande wa kulia, upande uliopooza. "Mmenitengenezea kiti cha mtu mzima wa afya," akasema. Mhandisi aliyechora bomba lile alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu. Siku ile kumbukumbu ziliandikwa na yule wa biashara.

Kiti bado hakijakamilika, kwani miguu yake ingali inateleza juu ya saruji yenye maji. Lakini binti hataki tena kuhamishwa. Safari hii dua aliyoiomba kwetu ni kuwa bibi yake ajaaliwe umri wa kukitumia. Nasi twawaomba wasomaji wetu muitikie: Amin.

Wabillahi tawfiq.