Kete Saba Mkononi, Data Nimezima

Oya, kabla hamjaanza kunizodoa, nakiri mwenyewe: domino nimejifunzia kwenye simu. Tena kwenye foleni ya kivuko.

Huku Sengerema mfalme wa kijiwe ni drafti, ile ya vizibo vya soda, vyangu vimeangalia juu, vyako vimeangalia chini. Domino tulikuwa tunaisikia tu. Sasa enzi zile ukitaka kwenda Mwanza kwa njia ya Busisi, lazima ukae usubiri kivuko cha kukuvusha hadi Kigongo, na kivuko hakikuwa na haraka na mtu. Jua linachoma, muuza mayai ameshakupitia mara nne, chaji 30%. Mwana mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniona nimepoa, akanirushia gemu kwenye simu. "Cheza hiyo, tutavuka tu."

Nikafungua, nikakuta kumbe domino siyo moja. Kuna ya kufunga: mnagawana kete saba saba, huna ya kuweka, unapita, basi. Kuna ya kuchota: huna, unachota kwenye zilizobaki mpaka upate, na mkiwa wawili zinabaki 14, kwa hiyo unaweza kujaza mkono ukafanana na mtu aliyebeba kuni. Ya treni ina kete 91 na inafika hadi kumi na mbili-kumi na mbili. Kwenye kioo cha inchi tano hiyo ni kujitafutia miwani.

Ila ile ya tano tano, mazee, hiyo ndiyo iliyonimaliza. Unajumlisha ncha za mnyororo, zikigawanyika kwa tano unavuna. Umeanza na sita-nne? Kumi zako hizo. Umeanza na tano-tano? Kumi tena, na mwenzako akiunga tano-sifuri naye anavuna kumi, unabaki unatazama. Mimi hesabu nilikuwa nazikimbia toka darasa la tano, lakini pale nilikuwa napiga za kichwa kama muuza dagaa wa mwaloni.

Na roboti ya gemu, ile niliyokuwa nacheza nayo, ilinifunza siri ambayo bado naila. Seti ya kawaida ina kete 28, na kila namba imekaa kwenye kete saba tu. Una tatu zenye tano mkononi, nne ziko mezani? Basi mwenzako hana hata moja. Acha tano pande zote mbili, mfungie, kaa utulie.

Ushauri wa bure: zima data. Gemu nyingi za hivi zinacheza bila mtandao, ila ukiacha data wazi kila raundi unarushiwa tangazo, na bando la jero limeyeyuka hata Busisi hujaiacha.

Halafu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na habari ya foleni ikaishia hapo. Gari linapita dakika chache tu. Freshi sana, simlaumu mtu, ila raundi moja haiishi. Nagawiwa kete Busisi, Kigongo hii hapa, bado nashikilia sita-sita.

Nikawa najiona mkali. Mwaka huohuo nikaenda Unguja kwenye mchongo wa siku chache, jioni wenyeji wangu wakanipeleka Jaws Corner, pale Mji Mkongwe kwenye kahawa, siasa na dhumna, maana wao domino wanaiita hivyo. Nikawaamkia wazee, shikamoo, marahaba, nikapewa nafasi. Wachezaji wanne, wawili kwa wawili, mwenzako amekaa mbele yako. Kete haziwekwi, zinapigwa! Meza inalia, vikombe vinacheza.

Nikahesabu kama nilivyofunzwa. Raundi ya kwanza tu nikaiona nafasi, nikafunga tatu pande zote, nikaegemea nyuma kibishoo. Mzee wa mbele yangu akanifunulia mkono wake, umejaa kete nzito tupu. Mkifungiana mnahesabu madoa, wenye mengi wameliwa.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi na wewe tuko upande mmoja."

Roboti haikuwahi kunipa mwenzangu. Miezi yote ile kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa adui, na mzee alikuwa ananipigia ishara kwa kete zake toka mwanzo, anacheza hii anaacha ile, mimi macho yako kwenye namba tu.

Niliporudi nikamfuata seremala wa mtaani, akanikatia vipande 28 vya mbao, madoa tukachoma kwa msumari wa moto. Sasa kijiwe cha boda kinalia kuliko baa. Noma ni moja: tatu-moja ilipotea wiki ya pili, tukaweka kizibo cha Pepsi, na sasa kete zikishagawiwa kila mtu anajua kizibo kiko kwa nani.