Kinachoiokoa seli huenda pia kikaiokoa saratani

WENGI wa wanaouawa na saratani hawauawi na uvimbe wa kwanza, bali na seli zilizobanduka humo zikaenda kuota kwingine, kama vile kwenye mapafu, ini au ubongo.

Hata hivyo, safari hiyo ni ya hatari kwa seli zenyewe, na nyingi hufia njiani.

Kwa kawaida, seli hushikamana na tishu inayoizunguka, na mshikamano huo huipa ishara ya kuendelea kuishi. Mnamo 2009, watafiti wa Harvard, Marekani, wakiongozwa na Joan Brugge, walionyesha kuwa seli za titi zikibanduka hushindwa kufyonza glukosi ya kutosha. Nguvu zake hupungua, nazo molekuli kali za oksijeni hurundikana na kuziharibu.

Lakini seli zilizokuwa na protini ya HER2 kwa wingi, kama ilivyo katika baadhi ya saratani za matiti, ziliendelea kufyonza glukosi na zikanusurika.

Mwaka wa 2015, kundi la Sean Morrison jijini Dallas lilipandikiza katika panya seli za saratani ya ngozi aina ya melanoma kutoka kwa wagonjwa. Seli zilizofaulu kuenea zilikuwa zimebadili utendakazi wake ili kuunda kinga zaidi dhidi ya molekuli hizo.

Panya walipopewa antioksidanti, yaani kemikali zinazotuliza molekuli hizo, saratani ilienea zaidi. Walipopewa methotrexate, dawa inayozuia njia mojawapo ya kuunda kinga hiyo, ueneaji ulipungua.

Hapo ndipo penye funzo kwa wanaonunua tembe za antioksidanti wakidhani haziwezi kudhuru: kinachoilinda seli nzuri huenda kikailinda mbovu pia.

Tahadhari kama hiyo ilitolewa mapema. Nchini Finland, utafiti uliotangazwa 1994 kuhusu wanaume 29,133 waliovuta sigara ulibaini kuwa waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi.

Hilo halimaanishi kwamba matunda na mboga ni hatari, wala panya si binadamu. Hata hivyo, ni vyema mgonjwa wa saratani amweleze daktari wake kuhusu kila tembe anayokusudia kumeza.