Mtambo mkubwa, mabomba machache: Hesabu ya majitaka ya Kampala

KAMPALA. Mgeni wa Bugolobi huoneshwa kwanza maghorofa ya zamani, kisha maduka ya kisasa na migahawa yake. Bondeni, upande wa eneo la viwanda, kuna kiwanja kikubwa ambacho wengi hukifahamu kwa harufu na kwa makundi ya kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaoishi kwa takataka za mji. Hapo ndipo yanapoishia majitaka ya sehemu kubwa ya Kampala iliyounganishwa na mabomba.

Mtambo wa kwanza wa Bugolobi ulijengwa zama za ukoloni, Kampala ilipokuwa mji mdogo wa vilima vichache. Mabomba yalilazwa Nakasero, Kololo, Mulago, Makerere na eneo la viwanda, kule walikokaa maofisa, hospitali, wanafunzi na wafanyabiashara wakubwa. Mji ukakua, mabomba yakabaki karibu palepale. Sensa ya mwaka 2014 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.5 ndani ya mipaka ya jiji, bila ya wale wanaoingia asubuhi kutoka Wakiso na Mukono na kurudi jioni. Hadi leo, wanaohudumiwa na mabomba ya majitaka hawafiki asilimia 10.

Leo mtambo mpya unafanya kazi hapo Bugolobi. Una uwezo wa kusafisha meta za ujazo 45,000 kwa siku, na ulibuniwa kuhudumia watu zaidi ya 350,000. Gesi inayotokana na tope lake hutumika kuzalisha umeme. Kwa kipimo cha Afrika Mashariki huu ni mradi wa kujivunia. Swali linalobaki ni kama majitaka ya kutosha yatafika humo, na nani atalipa.

Miaka zaidi ya 10 kutoka mkopo hadi mtambo

Benki ya Maendeleo ya Afrika, AfDB, iliidhinisha mkopo wa Programu ya Usafi wa Mazingira ya Kampala mwaka 2008, zaidi ya dola milioni 50 kwa thamani ya wakati ule. Ujerumani, kupitia benki yake ya maendeleo ya KfW, na Serikali ya Uganda nazo zilichangia. Mpango ulikuwa na sehemu kadhaa: mtambo mkubwa wa Bugolobi, bomba kuu na kituo cha awali upande wa Kinawataka, na mtambo wa Lubigi kaskazini magharibi mwa jiji.

Lubigi ulitangulia. Ulizinduliwa mwaka 2014 ukiwa na uwezo wa kupokea meta za ujazo 5,000 za majitaka kwa siku kutoka kwenye mabomba, pamoja na meta za ujazo 400 za tope la vyooni linaloletwa na magari. Bugolobi ulisubiri zaidi, na kazi yake ilikamilika mwanzoni mwa muongo huu.

Hizi ni fedha za aina moja: fedha za kujenga. Mkopo hununua zege, pampu na mashine. Lakini haulipi umeme wa pampu mwaka hadi mwaka, mafundi wa kuzibua chemba usiku wa mvua, wala mifuniko ya chuma inayoibwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Gharama hizo za kila siku ni mzigo wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, NWSC, na shirika hutegemea ankara za wateja.

Ankara inayomtisha mwenye nyumba

Kwa muda mrefu, kanuni ya NWSC imekuwa rahisi. Mteja aliyeunganishwa na bomba la majitaka hulipa ada inayokokotolewa kutoka kwenye ankara yake ya maji: asilimia 75 kwa nyumba ya kuishi, asilimia 100 kwa biashara na taasisi. Nyumba yenye ankara ya maji ya shilingi 40,000 inaongezewa 30,000 za majitaka. Duka la kiasi hichohicho linaongezewa 40,000 kamili.

Kwa upande wa shirika, utaratibu huu una mantiki. Maji yaliyoingia ndani ndiyo yatakayotoka, na dira moja inatosha kupima yote mawili. Kwa mwenye nyumba za kupangisha Katwe au Kisenyi hesabu ni nyingine. Kujiunga na bomba kunataka kuchimba, kununua mabomba, kujenga vyoo vya kumwaga maji, kisha kulipa ankara iliyokaribia kuwa maradufu kila mwezi. Choo cha shimo kinagharimu pale tu kinapojaa. Wengine hawalipi hata wakati huo: hungoja mvua kubwa, wakafungua upande wa chini wa shimo, na mfereji ukabeba yote.

Hapo ndipo mduara unapofungwa. Waliojiunga ni wachache, hivyo makusanyo ya majitaka ni madogo. Makusanyo yakiwa madogo, mabomba mapya hayalazwi. Mabomba yasipofika, hakuna wa kujiunga. Katikati ya mduara huo amekaa mtambo wa meta za ujazo 45,000, ambao gharama zake nyingi hazipungui hata ukipokea nusu ya uwezo wake.

NWSC si shirika lisilojua kujirekebisha. Mwaka 1998, William Muhairwe alipopewa uongozi, lilikuwa likipata hasara. Mwaka uliofuata ikaja Programu ya Siku 100, kisha mikataba ya utendaji iliyowabana mameneja wa maeneo kwa malengo na kuwapa motisha. Makusanyo yakapanda na shirika likaanza kupata faida, hata wageni kutoka nchi nyingine wakaja kujifunza. Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa zaidi ya maji kuliko ya majitaka. Tangu hapo shirika limebebeshwa miji zaidi ya 200, mingi ikiwa midogo na isiyojilipia. Ndani ya Kampala kwenyewe, zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa hupotea kwa uvujaji, wizi na dira mbovu. Taasisi za serikali nazo zimekuwa zikirudi tena na tena kwenye orodha ya wadaiwa. Kila shilingi isiyokusanywa kwenye maji ni shilingi isiyofika kwenye majitaka.

Mfereji, kinamasi na glasi ya maji

Kisicholipwa kwenye ankara hulipwa kwingine. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya jiji, kando ya soko la Owino, ukaambaa Namuwongo na Bugolobi, kisha ukaingia kwenye kinamasi kabla ya kufika Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Unabeba maji yaliyosafishwa ya mtambo, lakini pia uchafu wa masoko, gereji, viwanda na vyoo visivyo na bomba.

Kwa miaka mingi kinamasi cha Nakivubo kilikuwa mtambo wa pili, usio na mshahara. Mafunjo yake yalichuja kile ambacho jiji lilishindwa kukisafisha. Utafiti wa mwaka 1999 ulikadiria thamani ya kazi hiyo kuwa zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Leo sehemu kubwa ya mafunjo imegeuka mashamba ya magimbi, viwanja na maghala. Kazi haikuondoka, aliyekuwa akiifanya ndiye anayeondolewa.

Ndani ya ghuba hiyohiyo, kilometa chache kutoka mfereji unapoingia, ndiko mitambo ya Ggaba inakovuta maji ya kunywa ya Kampala. Maji yakichafuka na mwani ukizidi, chujio huziba na dawa za kusafishia huongezeka. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Uganda ikope tena, safari hii kujenga mtambo wa maji wa Katosi, mashariki mwa jiji, wenye uwezo wa meta za ujazo 160,000 kwa siku. Mahitaji ya maji yalikuwa yameongezeka, ni kweli. Lakini sehemu ya deni hilo ni bei ya kuyakimbia majitaka yetu wenyewe.

Na ziwa si la Uganda peke yake. Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, iliyosainiwa na Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2003, inatamka kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ipo kusimamia azma hiyo. Kisumu na Mwanza nazo ni miji ya ziwa yenye mabomba yasiyotosha. Mvuvi wa Sigulu au Ukerewe hapigi kura Kampala, lakini maji ni yaleyale.

Magari kabla ya mabomba

Ikiwa watu tisa kati ya kumi hawana bomba, Kampala haiwezi kungoja mabomba yafike kila uchochoro. Mamlaka ya Jiji, KCCA, kupitia kampeni ya Weyonje, imewaunganisha wakazi na watoa huduma wa kunyonya vyoo kwa kituo cha simu na kufuatilia magari yao ili tope lifike Lubigi au Bugolobi badala ya kumwagwa mitaroni. Pale ambapo gari haliingii, vijana hutumia pampu za mkono na mapipa. Ni kazi ya heshima ndogo na faida kubwa kwa jamii, na ada getini ikipanda sana ndiyo kwanza mtaro unavutia.

Maamuzi yanayohitajika yanajulikana. Gharama ya kujiunga inaweza kugawanywa ndani ya ankara za miaka kadhaa badala ya kudaiwa kwa mkupuo. Hesabu za majitaka zinaweza kutengwa na za maji, ili Bunge na walipaji waone mtambo unagharimu nini na unaingiza nini. Na kila mkopo wa mtambo unaweza kuambatana na fedha za mabomba madogo ya mitaani, ambayo hakuna kiongozi anayeyakatia utepe.

Jiji hili limeshaonja gharama ya kuahirisha. Agosti 2024 dampo la Kiteezi liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30, baada ya miaka ya maonyo kwamba limejaa. Majitaka hayaporomoki kwa siku moja. Huteremka kimya kimya, Nakivubo hadi ghuba, ghuba hadi Ggaba, na Ggaba hadi bomba la jikoni.