Kulabu Haingoji Karakana

Baridi ya mwezi Julai katika milima ya Mbooni si ya kufanyiwa mzaha. Msafiri anayefika Kikima asubuhi akitokea nyanda za chini za Makueni, ambako jua huwa kali mapema, hushangaa kukuta ukungu umetanda sokoni na wanafunzi wamejikunyata ndani ya sweta zao. Sweta hizo ndizo zilizonichochea kuandika makala haya. Katika bweni moja la eneo hilo, ambalo sitalitaja, nilizikuta zimetundikwa kwenye misumari iliyopigiliwa ukutani kiholela, na karibu kila moja ilikuwa na tundu mahali pale pale, chini kidogo ya ukosi. Nilimwuliza mwalimu aliyenitembeza kwa nini vijana wale wasijitengenezee kulabu za chuma. Alicheka kwa upole, akanijibu kwamba karakana haijajengwa.

Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, uliahidi kumpa mtoto wa Kenya kazi ya mikono pamoja na kalamu. Shule ziliambiwa zijenge karakana, wazazi wakachangishwa, na mahali pengi kuta zikakwama kabla ya kuezekwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo yakapunguzwa, na ufundi ukawa miongoni mwa yaliyotupwa nje ya mlango. Leo mtaala wa umilisi umeurejesha, na tangu Januari 2023 mwanafunzi wa gredi ya 7 anatarajiwa kusoma stadi za awali za ufundi. Hapana shaka nia ni njema. Lakini ikiwa tutangoja tena jengo, mashine na mfadhili, watoto hawa nao watachora nyundo ubaoni na kuandika majina ya sehemu zake.

Kulabu ya ukutani haidai jengo. Babu zetu walifua chuma chini ya kibanda kisicho na kuta. Wakikuyu na Wakamba walikusanya mchanga mweusi wenye madini ya chuma, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto ya ngozi, na kutokana nao wakapata vichwa vya mishale, visu na majembe. Misafara ya pwani ilipoleta nyaya za shaba na chuma, mafundi wa Ukambani walizigeuza mikufu myembamba iliyosifiwa mbali, na wengine wakazipachika kwa duara juu ya vigoda vya miguu mitatu. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani urembo katika chuma ni anasa ya wageni. Kigoda hukalika vizuri bila waya wa shaba. Aliyeupachika alitaka zaidi ya mahali pa kukalia.

Tazama pia Wamunyu. Uchongaji wa vinyago tunaouhesabu kuwa wa jadi ya Wakamba uliota mizizi huko baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Mutisya Munge aliporudi na ujuzi alioupata Tanganyika akaanza kuwafundisha wenzake. Mtu mmoja, kisu na kipande cha mti! Karakana zilikuja baadaye, na vyama vya ushirika baada yake.

Basi kazi yenyewe ikoje? Chukua chuma laini cha pembe nne, cha milimita 10 kila upande, kile kile ambacho mafundi wa kuchomelea hutumia kwa vyuma vya madirisha. Kata kipande cha sentimita 18. Tanuri laweza kuwa shimo lililokandikwa udongo, lenye bomba la chuma la kupitishia upepo wa mivukuto. Fuawe si lazima inunuliwe. Kichwa cha nyundo kubwa kilichochimbiwa ndani ya gogo chatosha. Tafadhali, pasiwe na mtu wa kuleta kipande cha reli. Mwezi huo huo wa Januari, mwaka 2022, serikali ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya watu waliong'oa mali ya umma, na shule haifai kuwa mteja wao.

Chuma kipashwe moto hadi kiwe na rangi ya chungwa linaloelekea manjano. Kikififia na kuwa chekundu cha giza, kirudishwe motoni, maana kukipiga katika hali hiyo ni kukichosha chuma na mkono pia. Udongo uwahi ungali maji, walinena wahenga, na mhunzi naye ana sekunde chache tu za kuwahi. Kwanza mwanafunzi anachongoa ncha kwa nyundo. Hapa naomba mwalimu wa hisabati asogee karibu. Sentimita 3 za chuma hicho zikichongolewa hadi ziishie kwenye ncha kali, huwa na urefu wa karibu sentimita 9. Kwa nini? Kwa sababu ujazo wa piramidi ni theluthi moja ya ujazo wa mche wenye kitako na kimo sawa na vyake, na nyundo haiongezi wala haipunguzi chuma, ila magamba machache yanayodondoka. Mtoto aliyekariri kanuni hiyo miaka miwili bila kuiamini ataipima kwa rula yake mwenyewe, akishapoza chuma majini.

Kisha ncha ile inakunjwa kijiduara kidogo, ili isitoboe sweta. Mkono wa kulabu unapindwa juu ya bomba. Sehemu ya katikati inapashwa moto peke yake, upande mmoja unabanwa kwenye jiliwa na mwingine unasokotwa mzunguko mmoja kamili. Pembe nne za chuma hujipanga kama kamba iliyosukwa. Kichwa kinapondwa kiwe bapa, kinachongwa kwa tupa kama jani la mwembe, ambalo kila mtoto wa Makueni analijua, halafu kinatobolewa tundu la skrubu. Mwishoni kulabu husuguliwa kwa brashi ya waya, hupashwa moto kidogo na kupakwa nta ya nyuki. Kwa nta, Ukambani hatuna haja ya kuagiza kitu Nairobi.

Hatari zipo, na mwalimu anayezificha hafai kuwasha moto. Mabati na bomba zilizopakwa zinki zisikaribie tanuri, kwani moshi wake ni sumu. Miwani ya kukinga macho, viatu vya kufunika na nguo za pamba ni sharti. Chuma kinachounguza wengi ni kile kilichokwisha kuwa cheusi, kwa kuwa chekundu humwonya mtu kabla hajakishika.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni la makaa. Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018, na kila aliyeona vilima vilivyobaki vipara anajua sababu. Kwa hiyo sipendekezi moto wa kila siku. Liwe tanuri moja, dogo, liwashwe kwa siku maalumu, wanafunzi wakipokezana zamu, na shule ipande miti kabla ya kuomba gunia la kwanza. Wasichana nao wapewe nyundo. Katika jamii nyingi za Kenya uhunzi ulikuwa wa ukoo, baba akimrithisha mwana, na Wamaasai hata waliwatenga wahunzi wao. Hatulazimiki kurithi vizuizi hivyo pamoja na ufundi.

Mwalimu wa Kiswahili asiachwe nje. Wangapi darasani mwake wanajua kwamba kitu hiki cha kutundikia nguo kina jina lake la kale, chango? Somo la msamiati lenye moto na nyundo halisahauliki upesi.

Nilirudi kwa yule mwalimu na hesabu kwenye karatasi. Chuma kimoja cha mita 6 hutoa vipande 33. Bweni lake lina vitanda 40, kwa hiyo vyuma viwili vyatosha, na vipande 26 vitabaki. Aliniuliza vya nini. Nikamwambia ni vya wale watakaoviacha motoni mpaka vianze kurusha cheche na kuungua, na kwamba cha kwanza huenda kikawa chake.