Anayekataa Chanjo Anamkataa Nani?

Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya Ebola kutangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa miji ya Beni na Butembo. Mmoja kati ya kila wanne alisema ugonjwa huo haupo. Ukiisoma takwimu hiyo ukiwa mbali, jibu la haraka ni kwamba watu hawa wamekosa elimu, basi wapelekewe elimu. Lakini wahojiwa hao hao waliulizwa pia kama wanawaamini viongozi wa eneo lao, na walioitikia hawakufika theluthi. Watafiti walipoyaweka majibu hayo mawili pamoja, ikaonekana kwamba asiyewaamini viongozi ndiye aliyeelekea zaidi kuikana Ebola na kusema hatachanjwa. Nadhani uhusiano huo unaeleza mengi kuhusu wale tunaowaita wabishi wa chanjo, hata nje ya Kongo. Anayekataa kushawishika mara nyingi amekwisha kuyasikia maelezo yetu yote. Anachokipima ni mkono ulioishika sindano.

Tuutazame mkono huo kama watu wa Beni walivyouona. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya pembeni mwa mji vilikuwa vikivamiwa usiku na wakazi wakiuawa kwa mapanga, huku jeshi la serikali na askari wa Umoja wa Mataifa wakiwa na kambi zao jirani. Kilio cha miaka minne hakikuleta misafara. Ebola ilipoingia, magari yakaja kwa makumi, yakaja na posho, na wageni waliolindwa kwa bunduki. Kikosi hicho watu walikiita kwa Kifaransa, Riposte, yaani mapambano, na haukupita muda wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara. Desemba 2018 tume ya uchaguzi ikaahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa sababu ya ugonjwa na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Masoko yalikuwa wazi na makanisa yakijaa. Foleni ya kura tu ndiyo iliyoonekana ya hatari. Waandamanaji wakakivamia kituo cha wagonjwa wa Ebola mjini Beni. Kisha, siku nchi nzima ilipopiga kura, wakazi wa Beni wakajipangia uchaguzi wao wenyewe, na kabla ya kupiga kura walinawa mikono. Naomba msomaji akitafakari kitendo hicho. Watu walioambiwa kwamba hawaielewi Ebola walijua vema jinsi ya kujikinga nayo. Walichokikataa ni kuifanya Ebola sababu ya kuwanyamazisha.

Mengine yalijitokeza baadaye. Tangu mwanzo wa 2019 hadi Januari 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini humo, wengi wao watoto, ikiwa ni zaidi ya mara mbili ya watu 2,287 waliokufa katika mlipuko mzima wa Ebola wa Kivu, wala haikupata misafara kama ile. Machi 2020 aliyekuwa waziri wa afya alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola, shutuma alizozikana. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ikatoa ripoti kuhusu wanawake walionyanyaswa kingono na wafanyakazi wa mapambano dhidi ya Ebola. Kati ya watuhumiwa zaidi ya 80, 21 walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Aliyesema mwaka 2018 kwamba watu hawa wamekuja kujinufaisha alikosea kuhusu virusi. Kuhusu baadhi ya watu hao hakukosea.

Mfano wa Kano, kaskazini mwa Nigeria, unaifanya hoja hii iwe wazi zaidi, kwa sababu pale tunaweza kuona ni kitu gani kilichobadilika hadi chanjo ikakubaliwa. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ikiwa imeenea, kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa yake Trovan kwa watoto wa huko. Watoto 200 walishiriki jaribio hilo na 11 walifariki. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa kuwa hilo ni jaribio. Kampuni ilikana kosa, ikasema vifo vilitokana na ugonjwa, na mwaka 2009 ikakubali kulipa dola milioni 75 kumaliza shauri na serikali ya jimbo. Kati ya tukio hilo na malipo hayo, mwaka 2003, viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio wakidai imetiwa dawa ya kuwafanya wasichana wagumba. Dai hilo lilikuwa la uongo. Wataalamu walieleza na kufafanua, lakini mgomo uliendelea hadi Julai 2004, chanjo ilipoanza kuletwa kutoka kiwanda cha Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Ilikuwa chanjo ile ile ya matone. Hakuna somo jipya la biolojia walilofundishwa wazazi wa Kano. Aliyebadilika ni mletaji. Katika miezi hiyo virusi vilitoka Nigeria vikasambaa katika nchi nyingi, na mwaka 2005 vikafika Indonesia yenyewe.

Wanasaikolojia wameukuta ukweli huu kwa njia nyingine. Katika jaribio lililochapishwa 2014, Brendan Nyhan na wenzake waliwapa wazazi 1,759 wa Marekani taarifa mbalimbali kuhusu chanjo ya surua. Waliosoma kwamba haisababishi usonji waliielewa hoja, na imani yao potofu ilipungua. Hata hivyo, wale waliokuwa na mashaka makubwa tangu mwanzo walisema nia yao ya kuwachanja watoto wao sasa ilikuwa ndogo zaidi. Uchunguzi wa baadaye umeonesha kwamba kurudi nyuma namna hii hakutokei kila mara, kwa hiyo tusilikuze jambo hilo. Linalobaki ni kwamba kuelewa na kukubali ni vitu viwili, na mtu aliyeshindwa hoja moja ataitafuta nyingine ikiwa hofu yake haijaguswa.

Atatokea wa kuuliza: na wale wanaoishi katika nchi tajiri, wasiovamiwa wala kufanyiwa majaribio, wao wanamkataa nani? Swali ni la haki, na jibu zuri limo katika jamii ya Wasomali wa Minnesota, Marekani. Mwaka 2004, asilimia 92 ya watoto wao wa miaka miwili walikuwa wamepata chanjo ya surua. Wazazi hao walitoka katika nchi ambako surua inaua, hawakuhitaji kuelezwa ubaya wake. Kufikia 2014 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 42. Katikati hapo, wazazi wengi waliona watoto wao wakigundulika na usonji, wakauliza ni kwa nini, na sayansi haikuwa na jibu la kuwapa isipokuwa kwamba si chanjo. Wapinzani wa chanjo walikuja na jibu kamili. Miongoni mwa waliofika kuzungumza nao ni Andrew Wakefield, daktari ambaye makala yake ya 1998 kuhusu watoto 12 tu ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010, naye akaondolewa katika orodha ya madaktari Uingereza. Mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 jimboni humo, wengi wao watoto wa Kisomali wasiochanjwa. Wakefield alikuwa mwongo, lakini alifika akakaa kitako na wazazi walipokuwa na swali. Pengo la kutosikilizwa linatosha kumwingiza yeyote.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: kueleza shaka namna hii si kuitetea? Waswahili husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kushtuka kwake kuna sababu, lakini ung'ongo haujawa nyoka, na mtoto asiyechanjwa hakuumwa na nyoka yeyote. Yeye ndiye atakayepooza kwa polio. Nakubali hilo bila masharti. Anayeeneza uongo kuhusu chanjo akijua ni uongo anastahili lawama kamili, na wapo pia wachache ambao kukataa kumekuwa sehemu ya utambulisho wao. Hao hawatashawishika na yeyote, na ni upotevu wa nguvu kuwafukuzia wakati wanaositasita, ambao ndio wengi, wanangoja kusikilizwa. Lakini kumlaumu mzazi wa Beni kwa kumbukumbu yake hakumchanji mtoto. Imani kwa serikali haiagizwi kama bidhaa. Tanzania ililiona hilo mwaka 2021: Januari Rais John Magufuli alizitilia shaka hadharani chanjo za UVIKO-19, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam. Mwananchi alitakiwa ndani ya miezi sita aisadiki serikali moja katika kauli mbili. Aliyesita hapo hakuwa mjinga.

Kwa hiyo ningewaomba wanaopanga kampeni za chanjo wabadilishe mahali pa kuanzia. Kabla ya kuchapisha kipeperushi, waulize eneo hilo limetendewa nini, na nani, na lini. Waulize watu wanalia na nini kabla ya ugonjwa ule tuliouendea. Zahanati inayotibu malaria ya mtoto mwaka mzima bila kuomba rushwa imekwisha kuifanyia chanjo kazi kubwa kuliko kipaza sauti. Ebola iliporudi Butembo Februari 2021, kazi iliongozwa na wahudumu wa afya wa huko huko, wengi wao wakiwa wamepata uzoefu katika mlipuko uliotangulia. Waliugua watu 12, wakafa 6, na Mei 3 mlipuko ukatangazwa kwisha.