Farasi Mwenye Mbawa na Chombo cha Angani cha Magomeni

Ilikuwa Ijumaa, baada ya swala ya Magharibi. Mlangoni mwa msikiti wetu hapa Magomeni Mikumi, mwalimu wa twisheni alinishika mkono, akaniuliza kwa haya kama mambo yangu si mazuri siku hizi. Ada ya kijana wangu ya miezi miwili, alisema, ilikuwa haijamfikia. Nilibaki nimeduwaa. Fedha ile, shilingi 60,000, nilikuwa nimeitoa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nyumbani nilimkuta kijana chumbani kwake. Ana umri wa miaka 14 na yuko Kidato cha Pili. Sikuhitaji kumhoji sana. Alitoa daftari la Jiografia, na ndani yake fedha zote zilikuwepo, zimekunjwa vizuri. Pembeni mwa ukurasa alikuwa ameandika hesabu: kiasi alichonacho, na kiasi kilichopungua.

“Kimepungua kwa ajili ya nini?”

“Kwa ajili ya vipande vya shaba, baba.”

Ndugu msomaji, yafaa nieleze vipande hivyo ni vitu gani, kwani mimi mwenyewe siku ile sikujua wala sikutaka kujua. Ami yake anayeishi Maskati alimletea zawadi ya boksi la chombo cha angani cha plastiki, cha kuunganisha mwenyewe. Jina lake ni Enterprise, chombo cha kubuni kilichoonekana mara ya kwanza katika televisheni ya Marekani mwaka 1966. Mfano huo umepimwa kwa uwiano wa moja kwa elfu: chombo ambacho watunzi wake walikikadiria kuwa na urefu wa mita 289 kinakuwa na sentimita 29, kikatosha juu ya meza ya kusomea. Kina sahani kubwa mbele, kiwiliwili chini yake, na injini mbili ndefu mgongoni zilizo mfano wa mapipa. Watoto wa mtaani kwetu hawakukawia kusema kuwa kimetoka Magomeni Mapipa.

Wako mafundi katika nchi za mbali wanaotengeneza vipande vya nyongeza vya mifano ya namna hii. Huchukua bati jembamba la shaba ya manjano na kulichora kwa tindikali, hadi likatoa nyavu na vidirisha vyembamba ambavyo plastiki iliyomiminwa katika kalibu haiwezi kuvitoa. Huuza pia vipande vya rezini na seti za taa. Bei ya nyongeza hizo inaweza kuzidi bei ya mfano wenyewe. Hiyo ndiyo safari ambayo ada ya twisheni ilikuwa inaandaliwa kwenda.

Nilighadhibika. Nililichukua boksi nikaliweka juu ya kabati. Nikamwambia kwamba amefanya mawili kwa mpigo: khiyana katika amana, na israfu katika upuuzi. Fedha nilimpelekea mwalimu usiku uleule. Kijana hakujibu neno. Siku tatu zilizofuata alikuwa akinipa shikamoo yake, akila, akiswali, na kunyamaza.

Siku ya nne nilimwendea ustadhi wetu. Nakiri kwamba sikwenda kutafuta ushauri, bali kutafuta fatwa ya kuniunga mkono. Nilitaka aniambie kuwa mchezo ule ni laghwi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

“Ulimwuliza nini?”

“Nilimwuliza fedha ziko wapi.”

“Na kile kitu, ulimwuliza ni nini?”

Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo aliponikumbusha kisa kilichopokewa katika Sunan Abi Dawud. Mtume (s.a.w.) alirejea kutoka safari ya vita, na upepo ukafunua pazia lililofunika vitu vya kuchezea vya Bi. Aisha (r.a.). Katikati ya wanasesere wake alimwona farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume (s.a.w.) hakuanza kwa hukumu, alianza kwa kuuliza. Aliuliza hivi ni vitu gani. Akauliza yule wa katikati ni nani. Akauliza kilicho juu yake ni kitu gani, na alipoambiwa ni mbawa, akastaajabu kwa farasi kuwa na mbawa. Bi. Aisha alimjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (a.s.) waliokuwa na mbawa. Mtume (s.a.w.) alicheka mpaka magego yake yakaonekana.

Kisa hicho nilikisikia tangu utotoni, lakini sikuwahi kukitazama kwa jicho hili. Farasi yule alikuwa mchezo wa kawaida uliotiwa nyongeza. Mtu alikaa, akachukua vitambaa chakavu, akavikata na kuvishona mpaka farasi akapata kitu ambacho farasi wa sokoni hana. Na Mbora wa viumbe, akiwa na uchovu wa safari, alipata nafasi ya kuuliza maswali kadhaa juu ya vitambaa hivyo. Mimi niliyetoka dukani tu sikupata nafasi ya hata swali moja.

Kwa hadithi hii na mfano wake, wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto, hata vyenye umbo la kiumbe, sembuse chombo kisicho na uso wala roho. Lakini ustadhi hakuniacha niondoke na nusu ya maneno. Ruhusa ya mchezo, alisema, si ruhusa ya kugusa amana, wala haiondoi israfu pale bei inapozidi uwezo wa nyumba. Kijana ana kosa na alirekebishe. Mzazi naye ana lake.

Usiku ule nililiteremsha boksi. Nilikaa juu ya kitanda chake nikamwambia, “Haya, nioneshe.” Alinitazama kwanza, kama anayepima kama ni mtego. Kisha akaanza kueleza, na hakunyamaza hadi saa nne. Tukakubaliana mambo matatu. Atakatwa sehemu ya fedha yake ya matumizi ya kila wiki kwa muda wa miezi miwili, iwe adabu ya amana aliyoizuia. Hapana kitakachoagizwa kutoka nje; kila nyongeza tutaiunda wenyewe. Na adhana ikilia, zana zinawekwa chini, hata kama gundi haijakauka.

Jumamosi tulikwenda Kariakoo. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme tulinunua taa ndogo za LED, betri ya volti 9 na swichi, vyote kwa fedha isiyofika hata robo ya ile iliyokuwa daftarini. Gerezani, kwa mafundi wanaogeuza mabati na makopo kuwa majiko na koroboi, tulipewa vipande vyembamba vya bati bila malipo. Kopo la soda lilitupa alumini inayokatika kwa mkasi wa kawaida. Wavu wa chujio bovu la chai ukawa wavu wa injini. Kifungo cha shaba kutoka kasha la cherehani la mama yake kikawa dishi la mbele. Dada yake mdogo, mwenye mkono mtulivu kutuzidi sote, ndiye aliyekata vipande vya alumini vyembamba kuliko punje ya mchele.

Nilidhani tunafanya kazi ya watu wasio na uwezo. Kijana akanisahihisha. Mafundi wa Industrial Light & Magic huko California, walipotengeneza vyombo vya filamu ya Star Wars iliyotoka mwaka 1977, walinunua maboksi ya mifano ya vifaru, ndege na magari, wakang’oa vipande na kuvibandika juu ya vyombo vyao ili vionekane vikubwa na vyenye mitambo mingi. Kilichokuwa tumbo la kifaru kikawa ubavu wa chombo cha angani. Nilicheka, kwani kizazi chetu cha Magomeni kiliijua kazi hiyo: magari ya waya, magurudumu ya kandambili zilizokatika, taa za vizibo vya soda.

Taa ya kwanza iliungua tulipoiunganisha na betri moja kwa moja. Ilimulika kwa nguvu mara moja, ikafa. Fundi simu wa jirani akatufundisha kwamba taa nyeupe ya aina ile huhitaji takriban volti 3, hivyo volti 6 zinazobaki lazima zizuiwe na rezista. Kijana alipiga hesabu mwenyewe: volti 6 gawanya kwa ampea 0.02 ni omu 300. Dukani rezista iliyo karibu ni ya 330. Ni hesabu ya Fizikia ileile ambayo darasani, kwa maneno yake, ilikuwa haimwingii.

Matundu ya madirisha tuliyatoboa kwa sindano iliyopashwa moto, dirisha la chumba likiwa wazi kwa sababu ya moshi wa plastiki, kisha tukayasugua kwa msasa. Tukafunga vipande, ambavyo hubanana bila gundi, tukazima taa ya chumba, tukawasha. Chombo kizima kikawaka kama kandili. Mwanga haukutoka madirishani tu, ulipenya plastiki yote. Tulikuwa hatujapaka rangi nyeusi kwa ndani ya kuuzuia.

Nilisema, “Inatosha, inapendeza.” Kijana akatikisa kichwa. “Hapana, baba. Haikukamilika.” Akaanza kukifungua upya, kipande kwa kipande, kazi ya wiki mbili. Sisi ndio tunaowahubiria watoto kuwa Mwenyezi Mungu anapenda mja anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Usiku ule aliyetaka kulipua kazi nilikuwa mimi.

Lilipofika suala la jina ubavuni, hakutaka tena lile la boksini. Aliuliza kama sisi watu wa pwani tumewahi kuwa na chombo chetu cha angani. Nikamsimulia niliyoyajua. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikibeba satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa heshima ya siku ile na nchi ile ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo vya miale hiyo 339. Naye akaniongezea nisilolijua: katika hadithi ya Enterprise yumo afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura, na jina hilo limetoholewa kutoka neno letu hilohilo. Basi ubavuni pakaandikwa UHURU, kwa brashi ya nywele tatu.

Sitasema kwamba alama zake zimepaa. Fizikia imepanda kidogo, Jiografia iko palepale. Wala siwashauri wazazi wakanunue maboksi. Nyumba nyingine ni mashua ya mti, nyingine ni ushoni, nyingine ni mbegu kwenye makopo. Ninachosema ni kwamba kabla ya kuweka kitu juu ya kabati, tuulize ni nini, na kile kilicho juu yake ni nini. Pengine tutabaki na hukumu ileile, lakini mtoto atakuwa amesikilizwa.

Mwezi uliopita kijana alipoteza kikokotoo cha kuazima cha mwenzake shuleni. Zamani ningeambiwa na mwenye kikokotoo. Safari hii alinijia mwenyewe baada ya swala ya Isha, akakaa, akasema, “Baba, kuna jambo.” Chombo kilikuwa mezani, madirisha yake yanawaka, na hakuna mwanga unaovuja.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kuwasikiliza watoto wetu, na awajaalie wao uaminifu katika kila amana. Amin.