Pragmatiki ya Arafa za Ulaghai: Kinga kwa Mtumiaji wa Rununu

Tangu huduma ya M-Pesa izinduliwe nchini Kenya mnamo Machi 2007, rununu imekuwa mkoba wa fedha pamoja na kuwa chombo cha mawasiliano. Mabadiliko hayo yamewafungulia walaghai uwanja mpya, na aghalabu silaha yao kuu si mitambo bali ni lugha. Makala haya yanadhamiria kufafanua mbinu tatu za lugha hiyo na namna ya kujikinga nazo.

Mbinu ya kwanza ni uigaji. Arafa halisi ya M-Pesa ina muundo maalumu: hutanguliwa na msimbo wa herufi na tarakimu, kisha hutaja kiasi, mhusika, tarehe, saa na salio. Mlaghai huuiga muundo huo, kisha hupiga simu akilalama kwamba amekosea nambari na kuomba arejeshewe "fedha zake". Anayemtii hutuma fedha zake mwenyewe, kwa kuwa hakuna kilichoingia. Asichoweza kukighushi mlaghai ni salio lenyewe. Hivyo mpokeaji hana budi kuliangalia kupitia menyu ya simu. Hata kama fedha zimeingia kweli, haifai azirudishe mwenyewe. Mtumaji anaweza kuiomba kampuni iubatilishe muamala huo, na mpokeaji aliyekwisha kuzirudisha akajikuta amelipa mara mbili.

Mbinu ya pili ni dhanio: "Ile pesa tuma kwa nambari hii." Kiashiria *ile* hapa hurejelea kitu ambacho mtumaji na mpokeaji wanakijua tayari. Arafa hiyo hiyo hutumwa kwa watu wengi, na miongoni mwao hakosekani anayedaiwa karo, kodi ya nyumba au mchango wa arusi. Huyo ndiye hulijaza pengo: humpa mtumaji jina, sura na haki ya kudai. Kinga yake ni kumpigia mdai halisi kwa nambari aliyoizoea, wala si kwa iliyomo katika arafa.

Mbinu ya tatu ni amri iliyovikwa heshima. Mpigaji hujitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni, humwita mteja "mzee" au "mama", kisha humharakisha ataje nambari ya siri kabla laini "haijafungwa". Haraka hiyo humnyima msikilizaji nafasi ya kutafakari. Ikumbukwe kwamba nambari ya siri ni ya mwenyewe peke yake. Hata mhudumu wa kweli haihitaji. Anayeulizwa na akate simu.

Kenya ilipitisha sheria dhidi ya uhalifu wa kompyuta na mtandao mnamo 2018, lakini sheria humfuata mhalifu baada ya tendo. Kinga ya awali imo katika usomaji makini. Maadamu uchanganuzi wa matini ndio kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili, ni jukumu lake kuufikisha kwa wazazi na majirani, ambao akiba yao yote huenda imo katika simu moja.